Kabla ya Kumvika Mchungaji Mgolole

Sharika zetu zinajua kuaga. Barua ya uhamisho ikishatoka dayosisini, kamati inaundwa jioni ileile, michango inapita, kwaya ya vijana inatunga wimbo wenye jina la mchungaji kwenye kiitikio, na siku ikifika anavishwa mgolole, anakabidhiwa mbuzi, keki inakatwa, mama mchungaji anafunikwa vitenge mpaka haonekani. Kila anayeshika kipaza sauti anaeleza jinsi baba huyu alivyokuwa baraka. Naye amekaa pale mbele anatabasamu, na sijui kama hajiulizi maneno hayo yalikuwa wapi miaka yote ile paa la nyumba yake lilipokuwa likivuja.

Vidokezo hivi ni vya kipindi cha kabla ya barua. Ninaviandika nikiwa upande wa wazee wa kanisa, kwenye usharika wa Kilutheri, kwa hiyo maneno yangu yataegemea huko. Mkatoliki asome paroko na katekista, Mwanglikana asome kasisi, Mpentekoste asome vyovyote anavyomwita wa kwake.

1. Achana na "mahubiri mazuri"

Ibada ikiisha tunatoka kwa mstari huku tunaimba, tunapeana mikono nje, na mchungaji anaambiwa "Mahubiri mazuri, Mchungaji" na watu mia, wakiwemo waliosinzia tangu somo la kwanza. Anaitikia "Amina" mara mia. Mwambie kitu kimoja ulichoondoka nacho, na wala usimwambie Jumapili. Subiri Alhamisi, siku ambayo amekaa na somo jipya na karatasi bado nyeupe, umtumie ujumbe: "Mchungaji, lile neno lako la kudai deni bila kumwaibisha mtu, jana nimelitumia dukani." Huo ndio ujumbe ambao ataurudia kuusoma.

2. Jueni siku yake ya kupumzika, halafu mwacheni apumzike

Sharika nyingi huweka Jumatatu. Hesabu Jumapili yake uone kwa nini: ibada ya saa moja, ibada ya pili saa nne, mnada, kikao cha baraza la wazee, wachumba wanaotaka kuonana naye "dakika tano tu", kisha msiba jioni. Jumatatu saa mbili asubuhi mtu anagonga anataka cheti cha ubatizo cha mtoto wa shule.

Msipoandika utaratibu, huruma ya mdomoni haisaidii. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo: mgonjwa mahututi na msiba, piga simu hata saa nane usiku; vyeti, barua za utambulisho na tarehe za harusi, nenda kwa katibu wa usharika siku za ofisi. Jumatatu simu apokee mzee wa zamu. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na somo. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamletea tena. Mazungumzo yalikuja baadaye sana.

3. Ukimwita, mpeleke

Ukitaka kujua mshahara wa mchungaji unaishia wapi, ifuate pikipiki yake. Wiki moja anaweza kuombwa akabariki nyumba mpya nje ya mji, akamwombee mgonjwa hospitali ya rufaa, akazike kijijini ambako daladala haifiki, na kote huko anayemwita anadhani ni yeye peke yake aliyemwita. Mafuta anaweka mwenyewe. Tairi likipasuka ni lake.

Tabia ya kujijengea ni rahisi: simu ya kumwalika iende pamoja na jibu la swali la usafiri. "Mchungaji, kijana atakufuata saa tatu na gari" au "Nimekutumia nauli, na ya kutolea nimeweka." Hiyo ya kutolea si jambo dogo, mtu anayepokea nauli kamili halafu akakatwa kwa wakala amekwenda kwako kwa hasara. Na usimwambie ni sadaka. Wapo wachungaji ambao hawagusi fedha yoyote ya msiba, na wana sababu zao njema, lakini nauli ni nauli. Mpe kabla hajaondoka kwake, si wakati anavaa helmeti kurudi, mbele ya ndugu wote, bahasha ikiwa imekunjwa kama ya siri.

Halafu saa. Kama umeandika ndoa saa nane, bibi harusi asitokee saluni saa kumi. Mchungaji aliyekaa kanisani saa mbili nzima akiwa na joho lake, akisikiliza mafundi wa muziki wakijaribu spika, hatakwambia kitu. Ila siku hiyo kuna mgonjwa ambaye hakutembelewa.

4. Mtafuteni mwinjilisti

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Mchungaji mmoja hubeba mitaa kadhaa ya usharika. Jumapili hii yuko huku kwa Chakula cha Bwana, Jumapili ijayo yuko kule. Anayekuwepo siku zote ni mwinjilisti. Ndiye anayeongoza ibada, anayefundisha kipaimara, anayekwenda kwa mzee aliyepooza, anayefika msibani kabla turubai halijafungwa. Kwa Wakatoliki huyo ni katekista wa kigango, naye hadithi yake ni hiyohiyo. Na si jambo la jana. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 wamisionari wengi wa Kijerumani waliokuwa Tanganyika waliwekwa kizuizini, na sharika nyingi zikabaki mikononi mwa walimu, wainjilisti na wachungaji wachache Waafrika. Makanisa hayakufungwa. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yaliungana yakiwa na waumini ambao wengi wao walifundishwa herufi na katekisimu na watu wa aina hii.

Sasa angalia sherehe yoyote ya usharika. Mchungaji yuko meza kuu, ana kuku na soda yenye mrija. Mwinjilisti yuko nyuma na wanakwaya, amebeba sahani ya pilau mkononi, anatafuta pa kukaa. Anzeni hapo: kiti chake kiandikwe jina.

Kisha nendeni kwenye mambo yenye uzito. Sehemu nyingi anachopata ni posho, na posho hiyo haimruhusu kuacha kulima. Mvua ya kwanza ikinyesha, watu wote wako shambani, yeye yuko darasani na watoto wa kipaimara au kaburini. Jumuiya moja ikiamka Jumamosi na majembe, watu ishirini hivi, shamba lake linakwisha kabla jua halijawa kali. Sijaona zawadi inayomfurahisha mwinjilisti kuliko hiyo, na haigharimu usharika hata shilingi. Baiskeli yake je, breki zinashika? Viatu vya mvua anavyo? Biblia anayosomea watu bado ina Ufunuo, au kurasa za mwisho zilishachomoka?

Na mumwite Mwinjilisti. Wazee wenzangu wanaomwita "kijana wetu" mtu wa miaka hamsini wanajijua.

5. Ofisini kabla ya ibada hakuna kesi

Dakika kumi kabla ya kengele, mtu anaingia: "Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Samahani, nina neno moja tu. Yule mwenyekiti wa kwaya…" Neno moja hilo anapanda nalo madhabahuni. Mzee wa zamu asimame mlangoni, mkali kidogo, na ajue kusema "baada ya ibada" bila kutabasamu.

6. Lalamika kwake, si kwenye grupu

Kumtia moyo mchungaji si kumkubalia kila kitu. Mchungaji asiyekosolewa anaharibika, na anayekosolewa kwenye WhatsApp pekee anaharibika haraka zaidi, kwa kuwa anasikia minong'ono bila kujua ya nani. Kama mahubiri ni marefu mno, kama mapato ya harambee hayakusomwa, kama amemsema mtu mimbarini kwa mafumbo na kila mtu akaelewa ni nani, nenda kwake katikati ya wiki, mwenyewe, au na mzee mmoja mwenye busara. Mathayo 18 imeeleza utaratibu mzima na hatuna haja ya kubuni mwingine. Grupu la usharika libaki na matangazo ya mazoezi ya kwaya na picha za harusi.

7. Mkewe hakuajiriwa, na watoto wake hawakubarikiwa uchungaji

Mama mchungaji hutegemewa aongoze umoja wa wanawake, apokee wageni wa dayosisi, ajue kila mtoto aliyezaliwa na avae vizuri huku akifanya hivyo. Kama ana kazi yake, awe mwalimu, muuguzi au mwenye duka, kazi hiyo ndiyo mara nyingi inayolipa ada za watoto. Muulizeni anapenda kufanya nini kanisani. Akisema anapenda kukaa kwenye benchi asikilize ibada kama watu wengine, mwachieni benchi.

KKKT ilianza kubariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo sharika nyingi zina mchungaji mwanamke. Ajabu ni kwamba mume wake hatumdai lolote. Hatumtarajii apike chai ya wageni wa dayosisi wala aongoze kikundi chochote. Basi huo uhuru tunaompa yeye tuwape na wake za wachungaji wanaume.

Watoto nao: yule wa kidato cha pili aliyenyoa kiduku si habari. Usimwambie "na wewe, mtoto wa mchungaji?" Ameshaisikia, na uhamisho ukija yeye ndiye atakayeacha marafiki na kuanza shule mpya katikati ya muhula. Familia ikihamia kwenu, kabla ya sherehe ya kupokea, mpelekeeni mama orodha ya shule zilizo karibu na jina la mzazi anayeweza kumpeleka kuziona.

8. Akifiwa, mkalisheni kwenye mkeka

Mchungaji anazika wazazi wa watu wote. Siku mama yake mwenyewe akifariki, angalia linalotokea: watu wanafika, wanamkuta, na kwa mazoea wanamngoja aseme "tuombe". Naye anasimama, anaomba. Anapanga ratiba, anapokea wageni, anatuliza dada zake, na usiku wa kuamkia mazishi bado yuko kwenye simu na mwenye gari la kubeba mwili.

Baraza la wazee linatakiwa liwe na mpango wa jambo hili kabla halijatokea. Mara taarifa ikifika, mwenyekiti ampigie mkuu wa jimbo aombe mchungaji mwingine wa kuongoza kila kitu, kuanzia sala ya kwanza ya jioni. Mzee mmoja ashike simu yake. Wanaume wawili wakae naye, na kazi yao iwe kukaa tu. Ibada ya Jumapili mbili zinazofuata tayari iwe na mtu wa kuiongoza, asije akarudi mimbarini kwa sababu tu hakuna mwingine.

Tena baada ya arobaini, mtu amuulize kuhusu mama yake. Alikuwa akipenda nini, alikuwa akimwitaje alipokuwa mdogo. Mchungaji hukaa na misiba ya watu wengi kichwani, na wa kwake huwa chini kabisa ya rundo.

9. Fuatilieni fedha zake kama mnavyofuatilia kuku wa mnada

Mnada wetu wa baada ya ibada ni burudani. Jogoo mmoja ananunuliwa, anarudishwa, anauzwa tena, na hatimaye anaingiza fedha ya mbuzi. Watu walewale wanaoshindana kwa furaha juu ya jogoo huyo hawajui kama nyumba ya mchungaji ina maji.

Taratibu za mishahara hutofautiana kati ya dayosisi na dayosisi. Kwingine mchungaji analipwa na makao makuu ya dayosisi, kwingine usharika unabeba. Jueni ya kwenu. Maswali ya kumuuliza mtunza hazina kwenye kikao, kwa upole: mishahara ya watumishi imelipwa mpaka mwezi gani? Bima ya afya ipo, na imewataja watoto wote? Kwa mwenye mkataba wa ajira, michango ya NSSF inapelekwa? Sheria ya Tanzania inadai jumla ya asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri abebe angalau nusu ya mchango huo. Mtumishi anaweza kuona salio lake mwenyewe; mwambieni aangalie. Wapo wanaokuja kugundua wakati wa kustaafu kwamba walikatwa na hakikupelekwa kitu.

Na nyumba ya mchungaji iwe na kifungu chake kwenye bajeti. Asiwe na haja ya kusimama kwenye kikao kuomba bati.

10. Mletee, lakini uliza kwanza

Mchele, maharage, mkungu wa ndizi, vyote ni vyema. Ila baada ya Sikukuu ya Mavuno unaweza kukuta nyumba ina kuku tisa na haina mafuta ya kupikia wala umeme. Namba ya Luku ya nyumba ya mchungaji inaweza kukaa kwa kiongozi wa kila jumuiya, mwezi huu nyinyi, mwezi ujao wale. Wafilipi walimtuma Epafrodito amfikishie Paulo alichohitaji kifungoni. Hawakumtumia salamu peke yake.

Kwa Wakatoliki, paroko wenu anakula peke yake au na padre mwenzake siku nyingi za mwaka. Mwalikeni nyumbani siku ya kawaida, ugali wa kawaida, watoto wakipiga kelele. Msimpikie pilau, atajua amekuja kikazi.

11. Vitabu na bando

Mchungaji anayehubiri mara mbili au tatu kwa wiki anamaliza alichosoma chuoni mapema sana. Itifaki ya Biblia, ufafanuzi wa kitabu anachofundisha mwaka huu, bando la intaneti la mwezi: kikundi cha vijana kinamudu hivyo. Kama anataka kurudi kusoma, Makumira kule Usa River au kwingineko, baraza lisimame naye kwenye barua ya kuomba ruhusa, na lijue mapema nani atashika zamu zake.

12. Mheshimu, usimwogope

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, zaidi ya miili 400 ya waumini ilifukuliwa. Mhubiri wao alifikishwa mahakamani akidaiwa kuwahimiza wafuasi wafunge mpaka kufa. Tangu hapo wachungaji wengi wanyofu wa Pwani na kwingineko wanatazamwa kwa jicho la pembeni, na wanaumia. Njia ya kuwalinda ni ileile inayowalinda waumini: hesabu zisomwe, baraza la wazee lifanye kazi yake, hakuna mtu anayekatazwa kwenda hospitali, hakuna swali linaloitwa uasi. Mchungaji mwema hupata nafuu kubwa anapokuwa na watu wanaoweza kumwambia hapana.

13. Kwa walio ughaibuni

Makanisa ya Kiswahili ya Marekani, hasa ya Wakongo na Warundi waliotokea kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, mengi yanaongozwa na mchungaji anayefanya kazi zamu za usiku kiwandani au kwenye ghala, na Jumapili mchana anaongoza ibada kwenye ukumbi wa kupanga. Katikati ya wiki ni mkalimani wa hospitali, msomaji wa barua za shule, dereva wa bibi asiyejua basi. Vijana mliokulia huko Kiingereza mnakijua kuliko yeye. Gawaneni siku: wewe hospitali, yule shule, yule magari.

14. Kiwanja

Hili liwekwe kwenye ajenda mchungaji akiwa bado kijana. Anakaa nyumba za kanisa tangu anabarikiwa mpaka anastaafu, usharika hadi usharika, na siku ya kustaafu anatakiwa aondoke kwenye nyumba na hana pa kwenda zaidi ya kwa baba yake, ambako ndugu walishagawana. Zile fedha za sherehe kubwa kubwa zingetosha kiwanja muda mrefu uliopita. Sharika tatu nne alizotumikia zinaweza kuchanga kidogo kidogo kila mwaka, mtunza hazina wa usharika mmojawapo akishika daftari.

Kiwanja kiandikwe jina lake na la mkewe, si la usharika, na kiwe kimepimwa. Hati mfuatilie nyinyi wenyewe, mpangiane zamu za kwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, kwa sababu haiishi kwa safari moja, na yeye Jumanne ana mazishi.